Barua Zilizonyooshwa

Mwaka ule wa njaa, arobaini na tatu, Mwatumu alimwachia mama mkwe wake debe la mwisho la mtama, akajitwisha mkeka na sufuria, akashika njia ya Korogwe kwa miguu. Mama mkwe alikataa kufuatana naye. Alisema hawezi kuiacha nyumba, mwanawe akirudi kutoka vitani asije akakuta majivu baridi. Basi Mwatumu akaondoka peke yake kijijini kwao, upande wa Kabuku, akalala njiani mara mbili, na siku ya tatu akafika kwa kaka yake Mwinjuma, aliyekuwa mkata mkonge katika shamba moja nje kidogo ya mji.

Pale kambini alipewa kazi ya kuanika nyuzi za mkonge pamoja na wanawake wengine. Kazi haikumshinda. Kilichomshinda ni jioni, watu wanapokaa vibarazani kusimuliana, kila mmoja na wake. Wa kwake alikuwa vitani Bama, yaani Burma, au ndivyo walivyosikia. Nchi yenyewe hakuna aliyejua iko upande gani.

Mumewe aliitwa Sadala. Hakuwa mtu wa maneno mengi mbele za watu. Kabla ya kuchukuliwa jeshini kazi yake ilikuwa kurina asali, na alikuwa na mizinga mitatu porini aliyoichonga mwenyewe. Lakini alipomwoa Mwatumu walikaa nyumba moja na mama yake, ukuta wa fito na udongo, ukikohoa upande huu unaambiwa pole upande wa pili. Wawili hao wakajikuta wanajitungia usemi wao. Sadala hakumwambia mkewe kuwa amependeza. Alisema mwezi umeingia jikoni. Mama yake akitoka nje kutazama huo mwezi wa adhuhuri, wao walikuwa wanacheka mpaka machozi. Mwatumu naye, akitaka mumewe asikawie porini, alisema mzinga wa nne unavuma. Mizinga ilikuwa mitatu. Wa nne alikuwa yeye.

Siku Sadala alipopanda lori la askari pale Handeni, watu walikuwa wengi na kila mke alikuwa akilia juu ya shingo ya mumewe. Yeye alimshika Mwatumu mkono tu, akasema, “Mzinga wa nne usije ukahamwa.” Lori likaondoka.

Pale Korogwe palikuwa na Mwalimu Dunstan, mtu wa makamo, mwalimu wa shule ya misheni. Kila Jumamosi, gulio likishapungua, alikaa kwenye baraza la shule na meza yake ndogo, kalamu na wino, akawaandikia barua wanawake ambao waume zao au wana wao walikuwa vitani. Hakudai kitu. Mwandiko wake ulisifiwa, na watu walisema barua zake hazijawahi kupotea.

Mwatumu alikwenda kwake akiwa na maneno aliyoyapanga kichwani wiki nzima. Alimwambia mwalimu aandike hivi: mizinga mitatu imehamwa kwa ukame, asali hakuna wala nta, lakini ule wa nne nyuki wamo, ila hawajengi, wanavuma mchana kutwa wakimtazamia mwenye mzinga. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kalamu ikawa inakwaruza karatasi. Alipomaliza alikausha wino, akakunja, akaandika namba ya askari juu ya bahasha. Hakumsomea alichoandika, na Mwatumu hakujua kuwa angeweza kuomba asomewe.

Jibu lilichukua miezi mitano. Lilikuwa limeandikwa na askari mwenzake Sadala, na lilisema amepata barua, anashukuru kusikia hali ni njema. Mwatumu alisubiri mwalimu aendelee kusoma, kumbe barua ilikuwa imeishia hapo. Hakukuwa na neno lolote juu ya mzinga. Aliondoka akajiambia kwamba labda yule mwandishi wa huko ana haraka.

Akatuma ya pili. Safari hii alisema kuwa tangu mwenyewe aondoke mwezi hauingii jikoni, unapita juu ya paa kama nyumba si yake. Jibu lilirudi fupi kuliko la kwanza. Akatuma ya tatu, akazungumzia jiwe la kusagia lililobaki peke yake bila mwenziwe, linalozunguka na kusaga upepo. Jibu la tatu alilisikia akiwa amesimama, maana kwenye benchi pamejaa watu. Mwalimu alisoma kwa sauti ile ile anayosomea barua zote: “Nimepata habari zako. Kama umepata utulivu huko, basi kaa. Usijichoshe kuhesabu siku kwa ajili yangu.”

Siku hiyo alirudi kambini kwa njia ndefu ya kupitia mtoni ili watu wasimwone uso. Alimjua Sadala. Ukimrushia Sadala fumbo, hakuliacha lianguke chini hata siku moja. Hata akiwa na homa alilidaka na kulirudisha. Mara tatu amerushiwa na mara tatu hakudaka. Ama moyo wake umepoa, ama hakurushiwa. Mwatumu alilala na mawazo hayo mawili wiki baada ya wiki, na lile la kwanza ndilo lililokuwa na uzito zaidi. Hata hivyo alituma barua ya nne, akaitaja tena habari ya mzinga, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo haoni moshi.

Barua hiyo ilirudi. Ililetwa kambini na nyapara, imepigwa mihuri mpaka bahasha imechakaa, na nyapara alieleza kwamba askari amehamishwa, hakuonekana pale ilipopelekwa. Mwatumu hakungoja Jumamosi. Jirani yake alikuwa Paulina, mwanamke wa Kishambaa aliyesoma misheni kwao milimani kabla ya kuolewa. Alimpelekea bahasha akamwomba amsomee, maana alitaka japo kuyasikia maneno yake mwenyewe, kama hayakumfikia mumewe.

Paulina alikausha mikono yake, akafungua, akasoma:

“Kwa mume wangu Sadala. Salamu nyingi. Hali yangu ni njema. Niko Korogwe kwa kaka yangu, nafanya kazi. Sina shida. Nawe fanya kazi kwa bidii na uwatii wakubwa wako. Ni mimi mkeo, Mwatumu.”

Mwatumu alimwambia asome iliyobaki. Paulina akageuza karatasi, akamwonyesha kuwa nyuma ni nyeupe.

Mwatumu alihisi kama mtu aliyekuwa akituma chakula shambani kila siku, halafu akaambiwa kwamba vyombo vilifika vitupu. Akakumbuka zile barua tatu, akawaza jinsi mumewe alivyokaa huko kwenye nchi za watu, akasomewa kwamba mkewe hana shida. Hana shida. Mwanamume akisikia hivyo mara tatu atasema nini, isipokuwa basi kaa?

Jumamosi alikwenda mapema kabla ya wengine. Alimwamkia mwalimu kwa heshima, akaiweka ile barua juu ya meza, akamwambia kuwa imesomwa. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu maneno yake yalikwenda wapi.

Mwalimu Dunstan hakukana. Alivua miwani yake, akaifuta kwa kanzu, akaeleza kwamba yeye alifundishwa hivyo. Alipokuwa mwanafunzi, insha yenye mafumbo ilirudishwa na mstari mwekundu, na mwenye kuiandika alichapwa. Barua ni ya kutoa habari, habari inyooke, mambo ya kuzungukazunguka ni ya ngomani. Tena, alisema akishusha sauti, kuna vita. Barua ya askari inafunguliwa na afisa na kusomwa kabla haijafika.

“Wewe unaniambia niandike kuna mizinga mitatu, na wa nne unavuma,” alisema. “Bibi, huyo afisa si atafikiri tunahesabu silaha?”

Mwatumu alicheka bila kutaka, kisha machozi yakafuatia kwenye kicheko kile kile. Alijifuta kwa upande wa kanga.

“Mwalimu, mimi sijasoma, sitabishana nawe,” alisema. “Lakini ukiandika nimemkumbuka, hilo neno kila mke hapa amelituma. Likifika kule, atajuaje kuwa ni langu? Na wewe ukimwandikia mume wa mtu kwamba mkewe anamtamani, na kule kuna mwingine anamsomea mbele ya askari ishirini, mimi nitaficha wapi uso? Yale maneno nilikuwa nimeyafunika. Wote mngeyasikia na ni yeye peke yake angeyafunua. Wewe umefunua, ukakuta huoni kitu, ukatupa.”

Nje wanawake wengine walikuwa wameanza kufika, wanapanga vikapu vyao. Mwalimu alikaa akiitazama ile karatasi yenye mwandiko wake mzuri, na aliposema tena alikuwa kama anaongea na karatasi.

“Nami niliwahi kumwandikia mtu,” alisema. “Huko nyuma, nikiwa kijana. Barua iliyonyooka kama rula. Akanijibu kwamba ameielewa yote.”

Hakueleza zaidi, na Mwatumu hakumwuliza. Alikuwa akimwona kila Jumamosi, akijua kuwa anaishi peke yake katika nyumba ya shule, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Mwalimu alivuta karatasi mpya. Akamwambia aseme, neno kwa neno, naye ataandika neno kwa neno, ila tu aongeze “ya nyuki, ya asali” baada ya mizinga, kwa ajili ya yule afisa. Mwatumu akasema. Alisema mzinga wa nne haukuhamwa, kamwe haukuhamwa; kwamba maneno yake yaliangushwa njiani na asiyejua thamani ya mzigo; kwamba nyuki wamekonda lakini wanavuma, na mwenye mzinga akitega sikio atawasikia hata ng'ambo ya bahari. Mara hii mwalimu alimsomea yote. Aliposoma lile la mzigo kuangushwa njiani alisita kidogo, akaendelea mpaka mwisho. Barua ikapelekwa jeshini na ombi kwamba itafutwe njia ya kumfikia popote alipohamishiwa.

Kisha Mwatumu akaomba jambo jingine. Akaomba afundishwe. Mwalimu akakubali papo hapo, kama mtu aliyekuwa akitafuta njia ya kulipa bila kuaibika. Tangu hapo, siku tatu kwa wiki baada ya kazi, Mwatumu aliketi kwenye benchi la watoto na kibao magotini. Herufi zilimsumbua; mikono iliyozoea mkonge ilivunja kalamu za mawe moja baada ya nyingine. Paulina alimsaidia kambini, wakiandika kwa kijiti mchangani. Mwinjuma alisema dada yake amepata wazimu wa uzeeni kabla ya uzee, lakini alimnunulia kibao chake mwenyewe.

Jibu lilikuja vita vikiwa vinakaribia kwisha. Mwalimu alipoifungua barua alishangaa, maana mwandiko haukuwa wa yule askari wa siku zote. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala huku na huku kama mtama uliopigwa na upepo. Baraza lilikuwa limejaa. Akauliza kama asome, Mwatumu akasema soma.

“Mke wangu Mwatumu. Hii naandika kwa mkono wangu. Niko hospitali, kuna mwalimu anatufundisha. Nimepata habari ya mzinga wa nne. Nimeisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Nilidhani umehamwa. Basi na mimi nikuambie. Mzinga wangu wa juu ndio uliohamwa. Nyuki wake waliondoka wote siku moja, na tangu hapo hawavumi. Kuna mto karibu na hapa. Nauona unapita, sauti yake haiji. Kama mzinga wa namna hiyo unautaka, sema. Kama huutaki, sema pia.”

Wanawake kwenye benchi hawakusikia kitu ila habari za nyuki. Mmoja akasema kwa kunong'ona kwamba hata huko Bama mtu anawaza asali, wengine wakatabasamu. Mwalimu naye aliinua macho kutaka kumpongeza kwa kuwa mumewe amejibu. Akamkuta Mwatumu ameweka viganja vyake viwili juu ya masikio, ameyaziba, ametulia hivyo, anatazama midomo ya watu. Ndipo mwalimu alipoirudia ile barua kwa macho, polepole, naye akaelewa. Aliikunja akamrudishia.

Jibu Mwatumu aliliandika mwenyewe. Alikataa kusaidiwa hata herufi moja. Lilimchukua alasiri nzima, na lilikuwa sentensi moja: “Nyuki wa kwangu wanatosha mizinga miwili, njoo.” Aliandika “mizinga” kwa herufi zilizokwenda kombo, na hakuongeza ya nyuki wala ya asali. Mwalimu aliliona hilo na akaliacha.

Sadala aliteremka Korogwe kwa treni mwaka uliofuata, wakati wa masika. Mwatumu alikuwa amekwenda stesheni siku nne mfululizo. Alipomwona, amekonda, ana koti la jeshi na sanduku la mbao, alimwita jina lake. Alimwita akijua kuwa hatasikia, lakini alikuwa ameliweka jina hilo kinywani miaka minne na halikusubiri akili. Watu wote kwenye stesheni waligeuka. Sadala peke yake hakugeuka. Aliendelea kutazama upande wa pili, akitafuta, na Mwatumu akalazimika kuzunguka mpaka mbele yake.

Wakarudi nyumbani, upande wa Kabuku. Mama mkwe alikuwa hai, na aliupokea uso wa mwanawe kwa viganja kama mtu anayepokea maji. Majirani walikuja kumpa pole na kumpongeza. Lakini kila aliyekuja alimpigia kelele masikioni, akidhani uziwi ni umbali. Naye Sadala, akiona midomo ikipanuka na mishipa ya shingo ikisimama, alidhani wanamgombeza. Alianza kujificha. Akashinda nyuma ya nyumba akichonga mpini huu na ule. Aliposema, sauti yake ilitoka kubwa mno au ndogo mno, na alipoona watu wakishtuka aliacha kusema.

Mwatumu alichukua kibao, akakaa naye hapo nyuma ya nyumba. Mwanzoni aliandika yale yanayohitajika: chakula tayari, mama anakuita, kesho tunapalilia. Sadala alisoma, akaitikia, akafanya. Hakuandika kitu chochote. Siku zikaenda hivyo, nyumba imetulia, haina ugomvi wala haina kitu kingine.

Alasiri moja mvua kubwa ilianza. Walikuwa wamekaa mlangoni, mama amesinzia ndani. Mwatumu aliandika, “Mvua inanyesha,” akamwonyesha.

Sadala alisoma. Akasema, kwa ile sauti yake isiyojua kipimo, “Naiona.”

Mwatumu alitaka kufuta. Mumewe akamshika mkono.

“Naiona, Mwatumu. Sauti yake ndiyo sina. Nimeanza kuisahau. Ikoje?”

Mwatumu akakaa na kalamu mkononi. Miaka yote ya barua hakuwahi kupewa kazi nzito hivyo. Alitega sikio kwenye mapaa ya nyasi, kwenye majani ya migomba, kwenye debe lililokinga maji chini ya mchirizi, akatambua kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuisikiliza. Kisha akaandika, akisita kila neno: “Kwenye nyasi ni mama anayembembeleza mtoto asiye wake. Kwenye migomba ni watu wengi wanaovaa nguo mpya. Kwenye debe ni mtu mmoja anayehesabu, anakosea, anaanza upya.”

Sadala alisoma lile la nyasi akafumba macho. Akasoma la migomba, uso ukalegea. Alipofika kwenye debe alicheka, cheko la zamani, kubwa kiasi cha kumwamsha mama yake, akasema, “Ndilo. Hilo debe nalijua.”

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Alirudi kutoka shambani akauliza leo kuna sauti gani. Mwatumu akamwandikia kware wa asubuhi, lori linalopanda mlima kuelekea Handeni, ugomvi wa majirani, mama yake akiimba peke yake akidhani hakuna mtu. Akiandika jina la kitu tu, Sadala alitikisa kichwa akamrudishia kibao. Akiandika kinafanana na nini, alikaa nacho muda mrefu, na mara nyingine aliongeza la kwake chini yake kwa herufi zake zilizolala. Majirani walizoea kuwaona wameinamia kibao kimoja, wakasema hawa sasa wamekuwa makarani.

Mwatumu aliwahi kumwandikia Mwalimu Dunstan akimsimulia hayo, na mwalimu akajibu kwa barua ndefu. Ilikuwa na habari za shule, za Paulina na za mkonge, na katikati yake palikuwa na maneno machache juu ya mti mmoja uliochelewa kuchanua, ambayo Mwatumu aliyasoma mara mbili, hakuyaelewa yote, akafurahi kwa ajili yake.

Swali moja tu ndilo lililomshinda. Sadala aliliuliza jioni moja wakati wa kuvuna mahindi, wamekaa juu ya magunzi, jua limeinama. Hakumtazama alipouliza. Alisema sauti ya mto anayo sasa, na ya mvua, na ya mama yake. Akasema kuna moja aliyokuwa akiilinda kule hospitali kuliko zote, akiirudia rudia kichwani kila siku ili isimtoke, na sasa hajui tena kama anayoikumbuka ndiyo yenyewe au ni aliyojitungia.

“Ya kwako,” alisema. “Ikoje?”

Mwatumu alichukua kibao. Aliandika neno moja, akalifuta kwa kiganja. Akaandika jingine, akalitazama, akalifuta. Alijaribu kujisemesha kwa sauti ndogo ili ajisikie, akataja jina la mumewe, mara moja, mara mbili. Sadala aliona midomo yake ikitaja jina lake, akasogea karibu zaidi, akasubiri. Kibao kilikuwa kimejaa vumbi jeupe la maneno yaliyofutwa. Mwatumu akakipangusa kwa pindo la kanga mpaka kikawa cheusi kabisa, akaanza tena.